Kabla hujalaumu macho ya bibi, tazama waya wa deki



Ndugu msomaji, juma hili nimekusudia kuandika juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaliona dogo kwa safu hii: namna ya kuunganisha deki ya DVD na televisheni ili picha ionekane kama inavyostahiki. Nimelichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba familia zetu nyingi bado zina deki, na kabatini zimehifadhi diski za darsa, za mawaidha, za maulidi na za harusi za watu wengine ambao sasa wametangulia mbele ya haki. Ya pili ni kwamba ujinga wangu katika jambo hili ulimvunjia heshima mtu mzima mbele ya wenzake, nami naona nina deni la kulieleza.

Hapa Mkuyuni tuna darasa la akina mama kila Jumamosi baada ya Adhuhuri. Mwalimu wao alipohama kumfuata mumewe, kamati iliamua kutumia diski za mafunzo ya herufi za Kiarabu, alizotuletea muungwana mmoja aliyekuwa akifanya kazi Muscat. Televisheni ilikuwapo, bapa, ya inchi 32, tuliyopewa kwa njia ya sadaka. Deki nayo ilikuwapo. Kwa kuwa mimi ndiye katibu na ndiye mwenye ufunguo wa kabati, mimi ndiye niliyeviunganisha: njano kwa njano, nyekundu kwa nyekundu, nyeupe kwa nyeupe. Picha ikaja, sauti ikaja, nikashukuru na kufunga kazi.

Jumamosi moja nilibaki nyuma ya darasa kusikiliza. Mwalimu wa kwenye diski aliandika neno kwa herufi nyekundu juu ya ubao wa kijani, akawaachia wanafunzi nafasi wasome. Zamu ikamwangukia bibi mmoja aliyekaa safu ya mwisho, karibu na mlango. Akasoma, "Bintun." Neno lilikuwa "baytun". Nikamwambia, "Bibi, tazama vizuri. Hiyo si binti, ni nyumba." Akakaza macho, akarudia lilelile. Wanawake vijana wakacheka. Nami, Allah anisamehe, nikasema kwa sauti ya kusikika, "Labda ni macho, bibi. Utu uzima huo."

Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ya pili yake. Ya tatu nikamwendea nyumbani. Nilimkuta barazani akishona kofia ya mkono, ile kazi ya vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nikaketi, nikamwambia kwamba darasani hatumwoni. Hakunijibu mara moja. Alikata uzi, akautia katika tundu la sindano mbele yangu, bila miwani, kisha akasema, "Katibu, macho haya ndiyo yanayonilisha. Kabla hujanipeleka hospitali, kakae pale nilipokaa mimi, usome wewe."

Jioni ileile nilifungua darasa, nikawasha mitambo, nikakaa safu ya mwisho karibu na mlango. Neno likaja. Mimi niliyemaliza chuo nikaona mwili wa neno uliozungukwa na ukungu mwekundu. Nukta sikuziona. Nilijua kuwa neno ni "baytun" kwa sababu nilikuwa nimelihifadhi, si kwa sababu nililiona.

Uzito wa nukta

Kwa wasiosoma Kiarabu, nieleze kwa ufupi. Herufi ba, ta, tha, nun na ya zinapokuwa mwanzoni au katikati ya neno huandikwa kwa umbo moja, mfano wa jino dogo. Kinachozitofautisha ni nukta tu: ba ina moja chini, ta ina mbili juu, tha ina tatu juu, nun ina moja juu, na ya ina mbili chini. Neno la nyumba na neno la binti yana mwili mmoja. Nukta mbili chini ya jino la katikati, ni nyumba. Nukta moja juu yake, ni binti.

Chuoni tulisoma kwamba misahafu ya mwanzo haikuwa na nukta wala haraka. Wanazuoni humtaja Abul-Aswad ad-Duali, na baada yake Nasr bin Asim na Yahya bin Ya'mar, kuwa miongoni mwa waliozitia alama hizo ili watu wasikosee kusoma Uislamu ulipoenea kwa wasiokuwa Waarabu. Juhudi ya watu hao imetufikia baada ya karne nyingi, nami nikaipoteza ndani ya waya mmoja wa rangi ya njano.

Kwa nini waya wa njano huharibu

Ndani ya diski ya DVD, mwanga wa picha na rangi yake vimehifadhiwa mbalimbali. Mwanga ndio unaobeba ncha za herufi na mistari ya uso wa mtu. Rangi huhifadhiwa kwa undani mdogo zaidi, kwa kuwa jicho la mwanadamu haliioni rangi kwa ukali linaouonea mwanga. Deki inapotoa picha kupitia tundu la njano, hulazimika kuvichanganya viwili hivyo katika waya mmoja, na televisheni upande wa pili hulazimika kuvitenganisha tena. Ni kama kumimina maji na tui katika chupa moja, kisha kumtaka mpokeaji akurudishie maji mbali na tui mbali.

Kutenganisha huko hakutimii. Sehemu ya rangi hudhaniwa kuwa mwanga, ikaonekana kama vitone vinavyotambaa pembezoni mwa herufi. Sehemu ya mwanga hudhaniwa kuwa rangi, ikaonekana kama upinde wa mvua juu ya kanga au kanzu yenye mistari myembamba. Zinazoumia zaidi ni herufi za rangi moja juu ya rangi nyingine yenye mwanga unaokaribiana nayo, kama nyekundu juu ya kijani, kwa sababu hapo mwanga hauna la kusaidia. Ndivyo ulivyokuwa ubao wa mwalimu wetu.

Mazoea ya waya huo tumeyarithi kutoka zama za deki za kanda. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini huku Bara vituo vilianza mwaka 1994, na wengi wetu tulikutana na televisheni ya chogo na deki ya kanda kwa wakati mmoja. Picha ya kanda haikuwa na ukali mwingi wa kupotea, hivyo waya wa njano uliitosha. DVD ilipokuja, ikianzia Japani mwishoni mwa mwaka 1996, tulibadilisha deki tukabaki na waya uleule. Kisha tukabadilisha televisheni, na waya ukabaki uleule.

Matundu na daraja zake

Zima mitambo yote miwili, chomoa umeme, kisha igeuze televisheni utazame nyuma na ubavuni. Fanya vivyo hivyo kwa deki. Kanuni ni moja: tumia tundu lililo bora zaidi kati ya yale yaliyopo katika mitambo yote miwili. Nayataja kuanzia dhaifu kwenda bora.

La kwanza ni tundu la antena. Baadhi ya deki za zamani hutoa picha kwa njia hii, na televisheni huitafuta kama kituo. Hapo mwanga, rangi na hata sauti vimefungwa pamoja. Litumie pale tu ambapo hakuna jingine.

La pili ni la njano, ambalo tumekwisha kulieleza.

La tatu ni tundu la duara lenye vitundu vinne vyembamba, lililoandikwa S-VIDEO. Hili hupitisha mwanga katika njia yake na rangi katika njia yake, hivyo vitone vinavyotambaa hutoweka. Halipitishi sauti.

La nne ni matundu matatu ya kijani, buluu na nyekundu, yaliyoandikwa COMPONENT au Y, Pb, Pr. Kijani hubeba mwanga, na mawili mengine hugawana rangi. Picha yake ni safi sana. Hapa kuna mtego ambao huwapata wengi: nyekundu ya picha si nyekundu ya sauti. Ukitumia njia hii utahitaji pini tano, tatu za picha na mbili za sauti, yaani nyekundu nyingine na nyeupe. Ukiziingiza kimakosa, picha itakuja na rangi za ajabu au sauti itatoka upande mmoja.

Wenye televisheni zilizotumika Ulaya huenda wakakuta tundu pana lenye nafasi za pini 21, liitwalo SCART. Hilo laweza kubeba picha safi inayokaribia ya matundu matatu, ama laweza kubeba ileile ya njano. Inategemea deki imepangwa itoe nini, nalo tutalifikia.

La mwisho na lililo bora ni HDMI, tundu bapa linalofanana na mdomo wa droo ndogo. Hili hupitisha picha na sauti pamoja kwa tarakimu, bila kuvichanganya mwanga na rangi kama ufanyavyo waya wa njano. Kwa umbali mfupi wa mita moja au mbili, waya wa bei nafuu ulio mzima hutoa picha ileile ya waya wa bei ghali. Usikubali kuuziwa dhahabu pasipo haja.

Kamati yetu ilikuwa imekwisha kutenga shilingi 650,000 kununua televisheni mpya, kwa sababu muuza duka mmoja alitueleza kwamba ya kwetu imechoka. Kabla ya kuzitoa nilimwita kijana mmoja fundi wa redio na simu hapa sokoni. Aliigeuza televisheni, akafuta vumbi, akaigeuza na deki, kisha akaniuliza, "Katibu, haya matundu ya HDMI hamjawahi kuyatumia?" Nikamjibu kwamba sikujua hata ni ya nini. Waya tuliununua kwa shilingi 10,000.

Kuchomeka peke yake hakutoshi

Tulipochomeka waya mpya, televisheni ilibaki nyeusi, nami nikaanza kusikitikia zile shilingi 10,000. Kijana akatulia. Kwanza alibonyeza katika rimoti ya televisheni kitufe kilichoandikwa SOURCE, ambacho kwenye nyingine huandikwa INPUT, akachagua HDMI. Kisha akachukua rimoti ya deki, akafungua mpangilio kwa kitufe cha SETUP. Deki nyingi hazitoi picha kwa tundu jipya mpaka uziamrishe. Katika mpangilio huo kuna mambo manne ya kutazama.

Kwanza, njia ya kutolea picha. Hapo utaona maneno kama CVBS, ambayo ni njano, S-VIDEO, YUV au COMPONENT, ambayo ni matundu matatu, RGB, ambayo hutumika kwa SCART, na HDMI. Chagua ile uliyoichomeka.

Pili, neno P-SCAN au PROGRESSIVE. Picha ya kawaida hutumwa kwa nusu mbili: mistari isiyo shufwa kwanza, kisha iliyo shufwa. Ukiwasha P-SCAN, deki hutuma mistari yote kwa mkupuo, na herufi hutulia bila kutetema. Iwashe kama una televisheni bapa iliyounganishwa kwa matundu matatu. Usiiwashe ukiwa kwenye waya wa njano wala kwenye televisheni ya chogo, maana picha itapotea au itakimbia. Ikikutokea, usidhani umeiua deki. Rimoti nyingi zina kitufe cha kurudisha hali ya awali, aghalabu P-SCAN au V-MODE.

Tatu, mfumo wa rangi. Tanzania tunatumia PAL, wenye mistari 576 ya picha. Diski zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani au Japani ni NTSC, wenye mistari 480. Ukitia diski ya NTSC ikatoka bila rangi au ikawa inaruka, weka AUTO au MULTI mahali palipoandikwa TV SYSTEM. Diski nyingine huwa na alama ya eneo: Afrika yetu ni eneo la 5, na nchi za Ghuba ni la 2. Deki inayokataa diski ya Muscat huenda si mbovu, bali imefungwa kwa eneo lake. Ya kwetu inasoma za maeneo yote.

Nne, umbo la kioo. Kwa televisheni pana chagua 16:9, kwa chogo chagua 4:3. Ukikosea hapa, nyuso za watu huwa nyembamba kama zimebanwa mlangoni, au hupanuka kama zimevimba.

Baada ya hapo, rudi katika televisheni. Mpangilio uitwao DYNAMIC au VIVID umewekwa kwa ajili ya kuvutia macho dukani. Nyumbani chagua STANDARD au MOVIE. Punguza SHARPNESS. Wengi huiongeza wakidhani inaleta ukali, kumbe huchora mstari mweupe bandia pembeni mwa kila herufi, na nukta mbili zilizokaribiana huungana zikawa moja.

Yasiyotibika kwa waya

Insafu inanilazimu niseme pia mipaka ya jambo hili. Picha ya DVD ina upana wa vitone 720 na kimo cha mistari 576, jumla vitone 414,720. Televisheni ya kisasa yenye 1920 kwa 1080 ina vitone 2,073,600. Maana yake ni kwamba diski inaleta sehemu moja ya tano tu ya vitone ambavyo kioo kinaweza kuonesha, na zinazobaki televisheni au deki huzikisia. Waya mzuri huzuia kupotea kwa kilichomo ndani ya diski, wala hauongezi kisichokuwamo.

Hivyo diski ya kawaida yenye ujazo wa GB 4.7, ikibebeshwa mkanda wa saa sita, itakuwa na picha hafifu hata ukiunganisha kwa waya wa malkia. VCD ndiyo dhaifu zaidi, kwa kuwa ina vitone 352 kwa 288 tu. Ukimpa mpiga picha kazi ya kurekodi harusi au darsa, mwambie asisongamanishe saa nyingi katika diski moja. Diski mbili zina gharama ndogo kuliko majuto.

Tena sisi wa miteremko ya mashariki ya Uluguru tunaishi na mvua na unyevu mwingi. Pini huota kutu taratibu, na picha huanza kukatika. Kila baada ya miezi michache, umeme ukiwa umechomolewa, futa pini kwa kitambaa kikavu. Diski ifutwe kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari mnyoofu, si kwa kuzungusha.

Mwisho, tazama mahali palipowekwa televisheni. Ya kwetu ilikuwa juu ya kabati, ikitazamana na dirisha, na mwanga wa mchana ulikaa juu ya kioo kama shuka. Tuliishusha mpaka usawa wa macho, tukaigeuza ubavu kwa dirisha, na mikeka ikasogezwa mbele.

Deni lililobaki

Jumamosi iliyofuata nilimpitia bibi mwenyewe nikamwomba aje. Alikuja, akakaa palepale karibu na mlango, ingawa mbele palikuwa na nafasi. Kabla ya kuwasha deki nilisimama nikawaambia akina mama wote kwamba siku ile bibi hakukosea. Alisoma kilichokuwa kikionekana, na aliyekosea ni mimi, kwa kuunganisha vibaya na kwa kusema vibaya. Waliocheka waliinamisha vichwa, nami pia.

Tukawasha. Mwalimu akaandika neno lake kwa nyekundu juu ya kijani. Ukungu haukuwapo. Bibi akanyoosha kidole kutoka kule mlangoni, akahesabu, "Moja chini. Mbili chini. Mbili juu," kisha akasoma, "Baytun." Hakuna aliyemsahihisha.

Zile shilingi 650,000 hazikutumika. Zilikuwa michango ya watu, nyingine za wauza ndizi na nanasi waliotoa walichonacho, na karibu tungezitoa kununua kitu tulichokuwa nacho tayari. Kikao kimeamua ziezeke paa la darasa hilohilo, linalovuja upande wa mlango.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama nyumbani kwako kuna mzee anayelalamika kwamba haoni kilichoandikwa kwenye televisheni, usikimbilie kumwambia ni umri. Kaa kwanza pale anapokaa, utazame unachokiona wewe. Kisha igeuze televisheni uone nyuma yake.

Wabillahi tawfiq.